Alhamisi Nje ya Ghala

Alhamisi, 28 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha mchana, ikalaza vumbi, ikaacha. Nimenunua daftari hili kwa sababu Felista, marehemu mke wangu, alikuwa na desturi ya kuniuliza kila jioni siku imekwendaje, nami nikimweleza. Tangu tumzike mwezi wa tisa hakuna anayeuliza.

Nyumba hii ina watu wawili. Mimi Hosea, mstaafu wa gengi la kutengeneza reli hapa Itigi, na mjukuu wangu Hana, mwenye miaka mitatu na miezi kadhaa. Mama yake ni binti yangu Eliza. Anapikia wachimbaji wa dhahabu kule Sekenke. Mtoto alimwacha kwa bibi yake, hakumwacha kwangu. Ila bibi hayupo, na mimi nipo.

Hana haongei. Alikuwa ameanza vizuri, anataja kuku, maji, jina la bibi. Tangu msiba amefunga mdomo. Akitaka kitu anaonyesha kwa kidole.

Leo alikuja Selina, binti anayezungukia nyumba zetu kama mhudumu wa afya wa jamii. Alimpima Hana mkono kwa utepe wake, akaangalia kadi ya kliniki, akakaa kwenye kigoda.

"Mzee, hapa nyumbani nani anaongea na mtoto?"

"Tunaishi wote."

"Sijauliza hivyo, mzee."

Akaniambia kuna kikundi cha malezi, kila Alhamisi asubuhi, kwenye ghala la zamani la ushirika. Watoto wanacheza, wakubwa wanafundishana. Nikamwambia hicho ni kikundi cha akina mama.

"Ni cha walezi," alisema. "Wewe kwa huyu ni nani?"

Jumamosi, 30 Novemba

Nimetengeneza mpini wa jembe. Hakuna jipya.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimekwenda. Nilipoingia mlangoni wanawake waliacha kuongea, wote kwa pamoja, kama redio iliyokatika umeme. Wamekaa kwenye mikeka, miguu wameinyoosha, watoto wamejaa katikati. Mimi nikapewa debe nilikalie. Kutoka juu ya debe ukiwatazama watu walio chini unaonekana kama nyapara.

Mwenyekiti wao ni Luciana, mama wa mtoto aitwaye Calist; ndiye anayeuza asali stesheni. Mwanamke mrefu, sauti nzito, hacheki ovyo. Alinisalimia kwa heshima, kisha akaendelea na mambo yake kana kwamba juu ya debe hakuna mtu.

Waliimba wimbo wa kupiga makofi. Makofi yangu yalichelewa. Hana alijificha ndani ya koti langu muda wote.

Selina alifundisha kwamba mtoto anajifunza kuongea kwa kuongeleshwa. Unapofanya kazi, mweleze unachofanya. Unachambua maharage, mwambie haya ni maharage. Mimi nimefanya kazi miaka mingi na wanaume kumi na kitu, na tulikuwa tunaweza kumaliza siku nzima kwa maneno ya "vuta" na "acha".

Jumamosi, 7 Desemba

Nimejaribu. Nimesema, "Hili ni harage. Hili ni jiwe, tunalitupa." Hana alinitazama jinsi watu wanavyomtazama mlevi.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua ya kweli, usiku kucha hadi asubuhi. Nimepanda mahindi. Alizeti nitapanda mwisho wa mwezi huu. Nimemwambia Hana kila shimo lina punje ngapi. Baadaye nikagundua nalieleza jembe, yeye alikuwa amekwenda kufuata kuku.

Alhamisi, 19 Desemba

Selina alisema kila mlezi alete kitu cha kuchezea alichotengeneza mwenyewe. Wanawake wameleta wanasesere wa magunzi na mipira ya matambara. Mimi nimeleta treni. Nimekata makopo ya maziwa, matairi nimeweka visoda vya chupa, nikafunga mabehewa manne kwa waya. Watoto waliivamia. Calist, mtoto wa Luciana, alilia ilipochukuliwa na mwingine. Hata Luciana alitabasamu upande mmoja.

Kuna mama mdogo anaitwa Maria, ana kichanga mgongoni. Alikuwa anataka kufunga upya khanga, akanipa mtoto nimshike. Nilimshika. Nilikuwa nimesahau uzito wa mtoto mchanga. Maria alicheka akasema, "Babu yake Hana anajua kushika." Wengine nao wakacheka, na kwa mara ya kwanza waliendelea kuongea nikiwapo.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimepika wali.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani tumekwenda. Eliza alipiga simu mchana, upande wake kuna kelele za mashine. Nilimwekea Hana simu sikioni. Alisikiliza sauti ya mama yake, akanirudishia simu kama mtu anayerudisha chenji isiyo yake.

"Amesema nini?" Eliza aliuliza.

"Anakusalimia," nikasema.

Alhamisi, 2 Januari

Kikundi hakikukaa, sikukuu.

Alhamisi, 9 Januari

Leo Luciana alinisubiri nje, kwenye baraza la ghala. Mvua ilikuwa imetanda upande wa vichaka.

"Shikamoo, Baba Eliza."

"Marahaba."

"Mtoto aingie. Wewe nakuomba ukae hapa nje."

Nilidhani kuna jambo la akina mama la siku moja, uzazi au nini. Nikauliza kama litachukua muda.

"Kuanzia leo," alisema. "Sisi wanawake tuna mambo yetu ya kuongea. Ukiwepo hatuongei."

"Mbona mwezi uliopita mliongea?"

Alimshika Hana mkono. Nilitarajia mtoto angelia, angening'ang'ania koti. Aligeuka mara moja kunitazama, kisha akaingia. Mlango ukafungwa. Debe langu lilikuwa limeshatolewa na kuwekwa barazani, limegeuzwa tayari kukaliwa. Hilo debe ndilo lililoniuma.

Nilikaa. Mvua ikaanza, na bati la ghala mvua ikilipiga husikii kitu kingine duniani. Sikusikia wimbo, sikusikia mtoto. Nilitazama maji yakitengeneza mfereji mbele ya miguu yangu nikajiuliza nimekosa nini. Nimeoga, nimevaa shati safi. Sijasema neno baya. Nadhani ni ile treni. Nadhani waliona najidai.

Mwanamke yule ana moyo mgumu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoona.

Alhamisi, 16 Januari

Barazani. Simeoni, tuliyefanya naye kazi gengi moja, alipita na baiskeli. "Mzee Hosea, wamekuajiri ulinzi?" Nikasema ndiyo. Akacheka akapita.

Tangu wiki iliyopita nilikuwa nataka kuacha. Lakini Hana asubuhi alileta viatu vyake mwenyewe, akaviweka miguuni pangu. Anaijua Alhamisi. Nani amemfundisha siku, sijui.

Jumatatu, 20 Januari

Palizi. Mgongo.

Alhamisi, 23 Januari

Barazani. Mvua.

Alhamisi, 30 Januari

Barazani. Jua kali. Maria hajaonekana wiki kadhaa sasa, wala kichanga chake.

Alhamisi, 6 Februari

Leo hakukuwa na mvua, kwa hiyo nilisikia. Waliimba ule wimbo wa makofi. Kisha Luciana akasema aimbe mtoto mmoja mmoja. Kikaimba kitoto kimoja, kikaimba cha pili. Kisha ikaja sauti nyembamba, inakosea maneno, inaishia katikati na kuanza upya. Wanawake wakapiga vigelegele. Nikamsikia Selina akisema, "Hana, rudia, mama."

Akarudia.

Nilisimama. Nilitaka kuingia, mkono ukafika mlangoni, nikaurudisha. Nikakaa tena kwenye debe. Sauti ya mjukuu wangu nimeisikia kupitia ukuta wa ghala, akiwaimbia watu wengine. Nilifurahi. Nataka iandikwe kwamba nilifurahi. Lakini nilikuwa nje.

Jumamosi, 8 Februari

Nimemwomba aniimbie. Ameonyesha mtungi kwa kidole. Nikampa maji.

Alhamisi, 13 Februari

Barazani. Nyumbani kimya.

Alhamisi, 20 Februari

Leo sikuweza kuvumilia. Walipotoka nilimfuata Selina hadi kwenye njia ya reli, nikamwuliza Maria yuko wapi. Alitazama chini.

"Mzee, niliambiwa nisikuambie."

"Na nani?"

"Mama Calist."

Ndipo akanieleza. Ile siku ya treni, mtu mmoja alikwenda kumwambia mume wa Maria kwamba mke wake anakaa kikundi kimoja na mwanamume, na kwamba amempa mwanamume huyo mtoto amshike huku akicheka. Mume alimpiga. Mkono mmoja ulivunjika. Luciana ndiye aliyemchukua Maria na kichanga nyumbani kwake, akamtafutia hospitali, akaenda naye dawati la jinsia polisi. Mume akaapa kwamba asikie tena kuna mwanamume ndani ya ghala, atakuja na wenzake. Wanawake wengine watatu nao wakazuiwa na waume zao. Kikundi kilikuwa kinakufa. Luciana akazunguka nyumba kwa nyumba kuwaambia wanaume hao kwamba hakuna mwanamume ndani. Ndipo akanitoa.

Sikurudi nyumbani. Nilimwacha Hana kwa Selina nikaenda stesheni. Treni ya mchana ilikuwa inakaribia, Luciana amesimama na chupa zake za asali zimepangwa ndani ya beseni. Nilimwambia kwamba nimejua.

"Selina hana kifua," alisema.

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungefanya nini, Baba Eliza?"

Nilifikiri. Ningekwenda kwa yule mwanamume. Mimi ni mzee lakini miaka yote niliyobeba mataruma ya reli bado iko mabegani. Ningemfuata, watu wangejaa, na jina la Maria lingetembea mji mzima pamoja na langu.

"Ningekwenda kwake," nikasema.

"Nilijua. Na kama usingekwenda kwake, usingerudi kwetu. Aibu ingekukalisha nyumbani na mtoto asingekuja. Nikaona bora unichukie mimi."

"Nilikuchukia."

"Nilikuona," alisema. "Unakaa kwenye lile debe kama mtu anayesubiri hukumu."

Treni ikaingia. Akainua beseni kichwani akaanza kukimbia sambamba na madirisha, anaita asali, asali. Mwanamke mtu mzima vile. Nilisimama pale mpaka treni ikaondoka, kisha nikamsaidia kukusanya chupa zilizobaki. Hatukuongea tena juu ya jambo lile. Nilimwuliza tu Maria anaendeleaje. Akasema mfupa unaunga, ila anashtuka mlango ukigongwa.

Jumapili, 23 Februari

Baada ya ibada nimemwona Maria kwa mbali, mkono umefungwa. Nilitaka kumsalimia. Nikapitia njia nyingine kwa ajili yake.

Alhamisi, 27 Februari

Barazani. Leo debe nimelileta mwenyewe kutoka ndani kabla hawajafika. Nimefagia na mikeka nimeitandika, kisha nikatoka.

Jumatatu, 3 Machi

Alizeti zimenipita kichwa. Nilikuwa napalilia mstari wa mwisho, na kwa kuwa nimezoea sasa, nilikuwa naeleza kila kitu kwa sauti. Hili ni jani, hili limeliwa na mdudu, hili tunaling'oa. Nimeshajizoeza kuongea bila kujibiwa.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Babu, unaongea na nani?"

Nilisimama na jembe hewani.

"Naongea na wewe."

"Mimi niko huku," alisema.

Nikageuka. Alikuwa amekaa mstari mwingine kabisa, kwenye kivuli cha alizeti, anajaza udongo kwenye kiatu chake. Nikaogopa kusema kitu kikubwa. Nikamwuliza anafanya nini.

"Napika."

"Unapika nini?"

"Udongo," alisema, kama vile mimi ndiye mtoto.

Nililima mstari ule wote nikiwa sioni vizuri.

Alhamisi, 20 Machi

Barazani. Hana njiani haachi kuongea. Amenichosha. Namshukuru Mungu.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua zinaaga. Mahindi yanakauka. Hana ameniuliza bibi amekwenda wapi. Nimemwambia amelala kaburini. Akauliza kama ana shuka. Nikasema analo, nilimfunika mwenyewe.

Jumamosi, 19 Aprili

Eliza amekuja, siku moja kabla ya Pasaka, hakutoa taarifa. Nilikuwa uani namnawisha Hana, nikasikia, "Shikamoo, baba." Alikuwa amesimama pale pembeni ya jiko, ana mfuko mmoja, nadhani alikuwa amesimama kitambo.

"Sikujua una maneno mengi hivyo," alisema.

Hana alijificha nyuma yangu. Eliza akachutama, akanyoosha mikono. Mtoto hakwenda. Eliza alibaki na mikono imenyooka, kisha akaishusha, akajidai anachomoa mwiba kwenye kiatu.

Baada ya kula alinieleza. Ameacha kupikia watu, ana banda lake mwenyewe sasa na chumba cha kulala, kina mlango wa kufunga. Kuna shule ya awali karibu na kanisa. Amekuja kumchukua mtoto wake.

"Sekenke ni mashimo," nikasema. "Ni walevi na vumbi."

"Ni mashimo, baba. Na mimi niko huko, na mimi ni mama yake."

"Hakujui."

Nilikusudia limwume, likamwuma. Alikusanya vyombo akaenda kuviosha, na sauti ya vyombo vile ilikuwa ya mama yake kabisa, namna ya kuvigonga anapokasirika. Nikatoka nje.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimemwendea Selina, nikitegemea atakuwa upande wangu. Nilimweleza mtoto ndiyo kwanza ameanza kusema, akihamishwa atafunga mdomo tena. Alisikiliza. Kisha akasema, "Mzee, mama yake amekuja kumtafuta. Wengi hawaji."

Nikamwambia hayo si majibu.

"Asimchukue kesho. Akae hapa hadi mavuno, amlishe, amwogeshe, aje naye kikundini. Mtoto azoee. Lakini azoee kwa ajili ya kwenda."

Nilirudi nimemkasirikia. Usoni kwake nilikuwa nimeona kwamba kusema vile hakukumfurahisha. Nikamfikishia Eliza maneno yale kama yalivyo, ingawa njiani nilijaribu kuyapunguza.

Alhamisi, 24 Aprili

Eliza ameingia ndani na Hana. Mimi barazani. Maria amerudi, leo mara ya kwanza. Alinipita mlangoni, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo, babu," bila kunitazama. "Marahaba, mwanangu," nikasema, nami nikitazama barabara.

Alhamisi, 1 Mei

Barazani. Nimesikia Eliza akiimba. Makofi yake nayo yanachelewa.

Jumamosi, 10 Mei

Tumevuna mahindi, watatu. Jioni Hana alilala mapajani kwa mama yake. Eliza hakuinuka mpaka mguu ukafa ganzi, nikamsaidia kusimama.

Nimemfundisha mambo machache. Kwamba uji anautaka wa mtama. Kwamba akiuliza jambo lazima umalize kujibu. Kwamba anaogopa kuku jike mwenye vifaranga lakini hataki ijulikane. Eliza alikuwa anarudia kila ninachosema kwa midomo, kama mtu anayekariri sala.

Alhamisi, 15 Mei

Wameondoka na basi la asubuhi kupitia Singida. Nilijiandaa kwa kilio. Hana alikaa dirishani, akaona kondakta anafunga mbuzi kwenye buti la gari, akapata mambo ya kumuuliza mama yake. Basi likaanza kwenda akiwa bado anauliza. Hakunitazama.

Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Najua. Nimetembea hadi nyumbani kupitia njia ndefu.

Ijumaa, 16 Mei

Leo sijasema neno na mtu.

Alhamisi, 22 Mei

Sikwenda. Sina mtoto, naenda kufanya nini?

Jumatatu, 26 Mei

Nakata vichwa vya alizeti. Eliza alipiga, mtandao mbaya. Nimesikia sauti ya Hana inasema kitu, ikakatika kabla sijajua ni nini.

Alhamisi, 29 Mei

Sikwenda. Upepo wa baridi umeanza.

Jumapili, 1 Juni

Nimepura alizeti. Chakula cha mtu mmoja kinakuwa kingi hata ukipima kidogo. Nimempelekea Simeoni.

Alhamisi, 5 Juni

Asubuhi nilisikia hodi. Ni Luciana, na nyuma yake kijana simjui, mrefu, shati limekosewa vifungo, amebeba mtoto mchanga mbele kwa mikono miwili, jinsi unavyobeba trei yenye glasi.

"Baba Eliza, huyu anaitwa Gabrieli. Anatoka huko vichakani, kwa warina asali. Mke wake alijifungua njiani wanamleta mjini, damu ikamwisha. Mama mkwe wake alikuwa anamlea mtoto, sasa naye mgonjwa. Amekuja kikundini leo, amesimama mlangoni."

Kijana alinisalimia, "Shikamoo, mzee."

"Siwezi kumwingiza ndani," Luciana alisema. "Unajua kwa nini. Na siwezi kumfukuza. Maziwa Selina ameshamwelekeza. Lakini mtoto hajaoga tangu juzi, anaogopa kumvunja."

"Kwa hiyo umemleta kwangu."

"Nimpelekee nani mwingine?"

Akageuka akaenda, kikundi kilikuwa kinamsubiri.

Nilichemsha maji. Nikatoa beseni, nikatafuta mahali pasipo upepo, kati ya jiko na ukuta. Gabrieli alisimama tu. Nilimwambia akae chini, nikamwonyesha kiwiko kinavyopima joto la maji, na jinsi kichwa kinavyolala kwenye kigasha cha mkono. Mikono yake ina makovu ya nyuki.

"Mshike wewe, mzee. Mimi nitatazama."

"Hapana. Shika wewe. Mimi niko hapa."

Akamshusha majini. Mtoto alishtuka, akakunja uso, akaanza kulia kwa nguvu. Gabrieli akataka kumtoa. Nikaweka mkono wangu chini ya wake, tukamshikilia hivyo.

"Ongea naye," nikasema.

"Niseme nini?"

"Chochote. Unachofanya."

Machozi yalikuwa yanamdondoka kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafutia, nami sikumtazama sana. Kisha kwa kidole gumba akaanza kuusugua mguu wa mtoto.

"Haya," alimwambia mwanawe. "Mimi ni baba yako. Nakuosha mguu."

Nikautoa mkono wangu taratibu.